Panya wangu wameshuka sukari, sasa Baba ameacha vidonge

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 27, nasoma shahada ya uzamili, na tangu mwaka jana ninaishi na panya. Ninafanya utafiti wa mti mmoja wa kwetu, milima ya Usambara, ambao magome yake wazee huyachemsha wakampa mtu mwenye kisukari. Jina la mti naomba nisilitaje.

Aliyenionyesha ni mjomba, kaka yake mama. Ni mganga, na kazi hiyo aliirithi kwa babu yake. Alinipeleka msituni mwenyewe, akauzunguka mti kwanza kimya kimya, kisha akachuna magome ya upande mmoja tu wa shina. Alipomaliza akachukua udongo mbichi akaliziba lile jeraha la mti kwa kiganja. Aliniambia mti ukichunwa kote unakufa. Sijasahau.

Chuoni niliyakausha magome, nikayasaga, nikayaloweka kwenye ethanoli siku tatu, nikachuja na kuivukiza ile ethanoli. Nusu kilo ya unga ilinipa gramu 40 tu za kitu cheusi kinachonata, ndicho tunachokiita kiziduo. Panya nikawachoma aloksani, kemikali ya maabara, ili sukari yao ipande, nikawagawa makundi matatu, kila kundi panya sita: wa kwanza maji matupu, wa pili glibenklamidi, dawa ya hospitali ya kushusha sukari, wa tatu kiziduo changu, miligramu 400 kwa kila kilo ya uzito. Kwa siku 14, kila siku ya pili asubuhi, nilichukua tone la damu kwenye mkia.

Shangazi, waliopewa maji walibaki juu ya 20 (milimoli kwa lita ya damu). Wa glibenklamidi walishuka mpaka 8. Na wangu, waliokuwa 21, siku ya mwisho wastani wao ulikuwa 9! Walikuwa watulivu, hata chakula walikuwa wakibakiza kwenye kizimba, wakati wale wa maji walikuwa wanakula na kunywa kama wana kichaa. Nililia kwa furaha peke yangu maabara.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilipiga picha ya grafu nikaitupa kwenye kundi la familia la WhatsApp, nikaandika: "Mti wa mjomba umeshusha sukari." Kila mtu akashangilia.

Baba ana kisukari mwaka wa tisa sasa, anameza metformini asubuhi na jioni. Nilipokwenda nyumbani likizo nikakuta ameacha vidonge wiki tano zilizopita. Anakunywa kikombe cha magome yaliyochemshwa, kutwa mara mbili. Usiku anaamka kwenda haja ndogo mara nne, tano. Asubuhi nilikuta mstari wa sisimizi unaelekea kwenye pembe ya bafu ya nje anakokojolea. Nilikuwa na kipimo cha sukari begini, cha aina ileile ninayotumia kwa panya. Nikamchoma kidole kabla ya chai: 17.3. Zamani asubuhi alikuwa 7, ikizidi sana 8. Tena kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto ana kidonda cha kandambili mpya, na hajui kilianza lini.

Nilipomwambia, akanijibu kwa upole kabisa: "Dawa inaitoa sukari, mwanangu, hao sisimizi ndio ushahidi. Na wewe ndiye uliyetuambia. Au kitabu chako kinadanganya?"

Mtoto wa mjomba ameshachapisha lebo, kopo shilingi 15,000, imeandikwa "Imethibitishwa na Chuo Kikuu". Nikisema waache, mjomba anadhani nataka kuupeleka mti wake kwa watu wengine nimwache yeye mikono mitupu. Msimamizi wangu naye anasubiri niandike makala. Usingizi sina. Nifanyeje?

Binti wa Usambara, Morogoro

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole.

Tuanze na mguu wa Baba, mengine yatasubiri. Mtu mwenye sukari 17 ambaye hajui kidonda chake kilianza lini, huyo mishipa ya fahamu ya miguuni imeanza kufa ganzi. Kidonda cha namna hiyo hakiumi, kwa hiyo mwenyewe anakipuuza, na huku sukari iliyojaa kwenye damu inakizuia kupona na kuwakaribisha wadudu. Nimekaa dirisha la dawa la hospitali ya mkoa miaka mingi. Waliokatwa miguu niliowahudumia, wengi walianza na kitu kidogo kama hicho: kandambili, msumari, maji ya moto ya kukandia. Apelekwe kliniki ya kisukari kesho, asingoje tarehe yake. Wamsafishe kidonda, wampime figo, na daktari aambiwe wazi kwamba ameacha vidonge wiki tano na alikuwa anakunywa nini. Akianza kutapika, kuhema kwa nguvu au kusinzia ovyo, msingoje kesho, mkimbizeni hapohapo.

Usimrudishie wewe vidonge kimya kimya huku anaendelea na kikombe. Kama mti wa mjomba una nguvu kweli, viwili kwa pamoja vinaweza kuiangusha sukari kupita kiasi, hasa daktari akimwongezea dawa nyingine ya kushusha. Siku moja alinijia mama mmoja dirishani, ameshika chupa ya soda imejaa maji ya kijani. Alikuwa anameza glibenklamidi yake kama kawaida, ila jirani alimwongezea juisi ya karela, ile mboga chungu, na asubuhi ile alikuwa hajala kitu. Jasho lilikuwa linamtiririka wakati wa baridi ya Julai, mikono inatetemeka, jina lake analitafuta. Tulimkorogea maji ya sukari vijiko vingi, akanywa, akarudi. Ukiona Baba yuko hivyo, mpe kitu kitamu kwanza, maswali baadaye. Lakini akiwa hawezi kumeza, usimtie kitu mdomoni, hospitali.

Sasa hao sisimizi. Baba anasema dawa inaitoa sukari, na usimcheke, maana hajasema jambo la kipuuzi. Figo za mtu zikiona sukari ya damu imepita 10 hivi, zinaanza kuimwaga kwenye mkojo, na maji mengi yanaifuata; ndiyo maana anaamka usiku na ana kiu. Tena ziko dawa zinazofanya kazi kwa njia hiyohiyo ya kuitoa sukari kupitia mkojo. Asili yake nayo ni magome! Mwaka 1835 wanakemia walitoa kwenye magome ya mtufaha kitu kinachoitwa florizini, na baadaye ikaonekana kwamba anayepewa anakojoa sukari. Florizini yenyewe haikufaa kuwa dawa ya kumeza, tumbo linaivunja na inaharisha. Wanakemia wakaitengeneza upya kwa miaka mingi, na mmoja wa wajukuu zake, dapagliflozini, akaruhusiwa Ulaya mwaka 2012.

Lakini dawa ikiwa ndiyo inayoitoa sukari, damu inabaki na sukari ndogo. Damu ya Baba imepanda kutoka 7 hadi 17. Kinachowaita sisimizi ni kufurika. Mwambie hivyo, na umwonyeshe kwa kipimo. Baba yako si mtu wa kubishana na namba. Alikuamini kwa sababu ya namba.

Kisha mkae naye umpe hadithi ya kidonge chake, kwa maana nadhani anaona hapa kuna vita kati ya hospitali na miti. Metformini ni mtoto wa mmea pori. Kuna mmea wa Ulaya na Asia Magharibi, Galega officinalis, maua yake ya zambarau au meupe, ambao wazee wa huko waliutumia tangu zamani. Kondoo wakiula kwa wingi wanakufa. Ndani yake mna galegini, inayoshusha sukari kweli, na miaka ya 1920 walijaribu kuwapa wagonjwa. Ilikuwa kali mno, wakaiacha. Ndugu yake mwingine wa maabara, sintalini, alitumika miaka kadhaa akaondolewa kwa sababu ya kuumiza ini na figo. Metformini yenyewe ilitengenezwa Dublin mwaka 1922 na Emil Werner na James Bell, ikakaa kabatini. Mpaka mwaka 1957 ndipo daktari Mfaransa Jean Sterne alipochapisha matokeo yake kwa wagonjwa wa kisukari. Miaka 35 hiyo. Marekani waliiruhusu mwaka 1994.

Kwa hiyo Baba anapomeza kidonge kile anameza mti uliokwisha kuulizwa maswali yote: kiasi gani, kwa nani, pamoja na nini, na unadhuru wapi. Mti wa mjomba umeulizwa swali moja tu, tena na panya 18.

Na hilo swali moja, mwanangu, nina shaka nalo. Umeandika jambo kwa kupita tu, nikarudi kulisoma mara tatu: panya wako walikuwa watulivu na walibakiza chakula. Ulilitaja kama habari njema. Panya mwenye kisukari hula kama hana kesho, ulivyowaona wa maji. Aliyepunguza kula, sukari yake itashuka hata kama umempa kitu kisichogusa kongosho wala ini. Huenda kiziduo chako kinatibu. Huenda kinawatia kichefuchefu, au kinawaumiza tumbo, au ni sumu inayofanya kazi polepole. Kwa ulichopima, yote hayo yanaonekana sawasawa kwenye grafu: mstari unaoshuka. Ulipima uzito wao? Ulipima chakula kilichobaki? Kama hukupima, unahitaji kundi la nne, panya wasiopewa mti lakini wanapewa chakula kidogo kilekile wanachokula wa mti. Wakishuka nao, jibu umelipata. Na kabla ya kuwatupa panya wako, ini na figo vikatwe viangaliwe kwa hadubini. Mwambie msimamizi haya kabla hajakuhimiza makala. Msimamizi mzuri atafurahi. Asiyefurahi, mwombe akuandikie kwa nini.

Lipo na jambo la aloksani. Aloksani inaua zile chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Ugonjwa wa Baba, wa ukubwani, kwa kawaida unaanza vingine: insulini ipo, mwili hauisikii. Panya wako wana shida moja na Baba ana nyingine, ingawa namba kwenye kipimo zinafanana. Watafiti wanaotaka kumkaribia mtu kama Baba huwalisha panya mafuta mengi kwanza wanenepe, ndipo wanawachoma dawa kidogo.

Halafu tupige hesabu ya kikombe, kwa sababu hili familia nzima italielewa. Kiasi cha panya hakihamishwi kwa mtu kilo kwa kilo. Mwili mdogo unachoma haraka, kwa hiyo kwa desturi kiasi cha panya hugawanywa kwa 6.2. Miligramu 400 zako zinakuwa kama 65 kwa kilo. Baba akiwa na kilo 70, anahitaji gramu nne na nusu za kiziduo kwa siku. Wewe ulipata gramu 40 katika nusu kilo, yaani gramu 8 katika kila 100. Ili apate gramu nne na nusu inabidi apitie gramu 56 za unga wa magome kila siku ya Mungu, karibu kilo moja na robo tatu kwa mwezi. Na hapo ni kwa ethanoli. Mjomba anachemsha na maji, na maji hayatoi vitu vilevile. Kikombe anachokunywa Baba hakijawahi kupimwa na mtu yeyote, hata na wewe. Kopo la shilingi 15,000 litamaliza siku ngapi? Na ni miti mingapi itakayochunwa mpaka pande zote, ili lebo za binamu zipate kitu cha kubandikwa?

Usikate tamaa kwa haya. Miti mingi iliyong'ara kwa panya ilififia ilipofika kwa watu, na aliyeipima hakupoteza muda wake. Karela inasifiwa kila kona ya dunia. Mwaka 2012 watafiti walikusanya majaribio yote yaliyofanywa vizuri kwa wagonjwa wakapata manne tu, watu 479, na ushahidi wa kuipendekeza haukutosha. Majani ya mzambarau, ambayo najua hata kwenu wapo wanaoyachemsha, Wabrazili waliwapa wagonjwa kwa mtindo wa kuficha nani anakunywa nini, na chai ile haikushusha kitu. Waliochapisha matokeo hayo walifanya kazi ya heshima sana.

Sasa binamu. Lebo zile zichomwe, na ulisemee hili bila kupepesa macho, kwa sababu chuo hakijathibitisha kitu na jina linaloharibika ni lako na la mjomba. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 imeunda Baraza, mganga anasajiliwa, na dawa yake nayo ina njia yake ya kusajiliwa baada ya kupimwa. Kinachonitisha zaidi ni kinachokuja baadaye. Mteja atasema haimsaidii, na atatokea mjanja wa kushauri wachanganye unga wa vidonge ndani. Singapore, miezi mitano ya kwanza ya mwaka 2008, watu 150 wasio na kisukari walifikishwa hospitali sukari ikiwa chini kabisa. Walikuwa wamemeza dawa za nguvu za kiume, baadhi zikiuzwa kama za mitishamba, kumbe zimetiwa glibenklamidi. Saba hawakuzinduka, na wanne kati yao wakafa. Waliomeza hawakujua.

Kwa mjomba usiende na sheria. Nenda na mkate na sukari, kaa chini, umwombe radhi kwanza, maana ulimtangaza kabla hujamuuliza. Anachokihofia si uchoyo. Maarifa ya watu wetu yamechukuliwa mara nyingi bila hata ahsante, na dunia ilikubali kwamba hilo ni kosa. Ndiyo maana mwaka 2010 ikaandikwa Itifaki ya Nagoya, kwamba mwenye mmea na mwenye maarifa wapate sehemu ya faida. Kabla hujaandika sentensi moja ya makala, chuo kiandikiane na mjomba, kwa Kiswahili, aisome na shahidi wake: yeye ndiye mwenye maarifa, mti usitajwe bila idhini yake, kikipatikana kitu ana sehemu. Waulizeni Taasisi ya Tiba Asilia ya Muhimbili. Wanafanya kazi na waganga tangu walipokuwa kitengo kidogo mwaka 1974.

Na umuulize maswali ambayo panya hawawezi kuyajibu. Je, babu yake alikuwa anampa kila mwenye kisukari, au kuna aliowakatalia? Alikuwa anawakataza kula nini wakati wa dawa? Alikuwa anaisitisha baada ya siku ngapi? Mtu anayeziba jeraha la mti kwa udongo haendeshi mambo yake kiholela, na ninaamini katika majibu yake utakuta kipimo na mipaka ambayo binamu hakuiweka kwenye lebo. Kama yeye mwenyewe ana desturi ya kutomwachisha mgonjwa dawa za hospitali, basi aseme hivyo mbele ya Baba. Neno lake litapita pale ambapo lako limekwama.

Lile kundi la WhatsApp ulirudie leo, kabla ya kulala. Usiweke grafu. Andika: "Nilikosea kutangaza mapema. Panya walishuka sukari lakini pia walipunguza kula, na sijui bado kama ni dawa au madhara. Mti huu haujajaribiwa kwa mtu yeyote kitaalamu. Baba amepima 17.3 baada ya kuacha vidonge. Tafadhali mtu asiache dawa yake kwa ajili yangu." Shangazi zako watapiga simu, wengine watakusema. Pokea zote.

Kipimo cha sukari kiache nyumbani kwa Baba, utapata kingine. Mfundishe kupima asubuhi kabla ya kula na aandike kwenye daftari, tarehe na namba. Kila jioni mama amkague nyayo kwa tochi, katikati ya vidole pia. Akiwa kliniki, ombeni kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu iliyopita, ili hizo wiki tano zionekane.

Basi za asubuhi kwenda kwenu zipo. Nitumie namba ya Baba ya Jumatatu, na uzito wa panya kama uliuandika.

Shangazi